Kihisi cha goti cha nanotyubu za kaboni: namba hazirudi zilipoanzia

Fundi_Iyunga

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno ya kaboni. Kinachotengenezwa ni soksi ya goti kwa wagonjwa wanaofanya mazoezi ya viungo. Ukanda mweusi wa mpira unashonwa juu ya goti. Goti likikunjwa ukanda unavutika, ukinzani unapanda, na bodi ya Arduino inahesabu mikunjo na kuonesha goti limefika wapi.

Mchanganyiko ni silikoni laini ya sehemu mbili (A na B, nusu kwa nusu, ile inayogandishwa kwa platinamu) gramu 20, na nanotyubu za kuta nyingi gramu 0.6. Nimekoroga kwa kijiko cha plastiki dakika 15, nikanyonya hewa kwa pampu, nikamwaga kwenye kibao kwa unene wa milimita 1. Kipande kina urefu wa mm 40 na upana wa mm 8. Kwenye ncha nimepaka rangi ya fedha ya kupitisha umeme na kubandika nyaya za shaba. Ukanda na rezista ya 10 kΩ vinagawana volti 5.

Matatizo sasa. Ukanda ukiwa umelegea unasoma 61 kΩ. Ukivutwa na kurudishwa unabaki kwenye 74, baada ya dakika kumi 66, na 61 haionekani tena. Pili, wakati wa kurudisha, namba inapanda kwanza ndipo inashuka, kwa hiyo mkunjo mmoja unahesabiwa mara mbili. Tatu, kipande cha mm 20 cha bechi ileile kimesoma 43 kΩ wakati nilitegemea nusu ya 61. Na pampu yenyewe geji inagota kwenye −0.08 MPa, ilhali karatasi yake inasema −0.1. Niirudishe dukani?

Kitulo2600

Pampu usiirudishe kwa sababu hiyo. Geji inapima tofauti kati ya hewa ya nje na ya ndani ya chupa. Pwani hewa ya nje ni kama kPa 101, lakini Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni kama kPa 82 tu. Hakuna pampu inayoweza kunyonya zaidi ya kilichopo, kwa hiyo kikomo cha geji hapo kwenu ni karibu −0.082. Ukisoma −0.08 umebakiza kPa 2 hivi ndani, na kwa viputo vya silikoni inatosha. Ukiipandisha pampu hiyohiyo Kitulo itagota mapema zaidi, na bado itakuwa nzima.

Angalizo moja: tumia kikombe chenye ujazo wa mara nne au tano ya mchanganyiko. Silikoni huumuka kama maziwa yanayotaka kufurika, kisha huanguka yenyewe. Ikishaanguka iache dakika mbili au tatu, halafu rudisha hewa polepole.

Omu_kwa_Omu

Mkuu Fundi, kipande chako cha mm 20 ndicho kimetoa jibu, na pengine hukuona. Fanya hesabu: 61 toa 43 ni 18. Hiyo ndiyo mm 20 za mpira. Kwa hiyo mm 40 za mpira ni 36 kΩ tu. Zile 25 kΩ zinazobaki haziko kwenye ukanda, ziko kwenye ncha mbili ulikobandika nyaya. Asilimia 40 ya unachokisoma ni kiungo kibovu, na kiungo hicho hakina nidhamu yoyote: kikivutwa kinapasuka, kikirudi kinagusana nusunusu.

Rangi ya fedha ikikauka ni ngumu. Mpira chini yake unavutika asilimia 50, yenyewe haivutiki hata tano. Inafanya nyufa ndogo usizoziona kwa macho. Halafu silikoni iliyokwisha kuganda haishikwi na gundi karibu yoyote isipokuwa silikoni nyingine, kwa hiyo rangi imelala juu tu. Nyaya za shaba nazo ni ngumu. Pale ngumu inapokutana na laini ndipo mvuto wote unapokusanyika, na hapo ndipo ukanda utakapokatikia siku zijazo.

Elektrodi ziingie kabla mpira haujaganda. Chukua uzi wa stenlesi unaopitisha umeme, ule wa kushonea, au kipande cha kitambaa cha kupitisha umeme, mm 8 kwa 10. Ulaze kwenye mchanganyiko ukiwa bado mbichi, uukandamize mpaka kaboni ipenye kwenye nyuzi zake. Juu yake weka kipande cha kitambaa cha pamba kisichovutika, kirefu kuliko elektrodi kwa mm 5 kuelekea katikati, kisha funika kwa silikoni isiyo na kaboni. Maana yake ncha zote mbili zinakuwa eneo lisilovutika kabisa, na kinachovutika ni katikati peke yake. Waya wa shaba ufungwe kwenye uzi nje ya mpira, si ndani.

Ukimaliza, pima tena urefu wa aina mbili kama ulivyofanya. Ukipata kiungo chini ya asilimia 5 ya jumla, endelea. Kikizidi hapo, rudia ncha kabla ya kugusa kitu kingine. Hakuna programu itakayosafisha namba zinazotoka kwenye kiungo kinachocheza. Ikibidi sana, weka nyaya nne: mbili za nje zipitishe mkondo, mbili za ndani zipime volti, na ukinzani wa kiungo unatoka kwenye hesabu.

Maabara_Kihesa

Naunga mkono hayo ya ncha. Ila suala la bechi kutolingana ni la kukoroga, na kijiko hakiwezi kazi hiyo.

Nanotyubu ya kuta nyingi ina kipenyo cha kama nanomita 5 hadi 50 na urefu wa mikrometa kadhaa. Unga unaouona si nanotyubu mojamoja, ni mafundo yake yaliyosokotana kama nywele kwenye chanuo. Umeme unapita kwenye mpira pale tu nyuzi hizi zinapogusana au kukaribiana kwa nanomita chache, na ukiuvuta mpira nafasi hizo zinapanuka, ukinzani unapanda. Sasa mafundo yakibaki mafundo, una visiwa vya kaboni kwenye bahari ya silikoni. Sehemu moja ya ukanda ina njia kumi, nyingine ina mbili. Weka ncha za multimita kila sentimita moja kwenye ukanda wako, utaona mwenyewe. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 15 hivi, hujatawanya.

Utaratibu unaofaa bila mashine kubwa ni huu. Pima nanotyubu gramu 0.8 uziweke kwenye isopropanoli ya asilimia 99, mililita 120. Weka chombo kwenye mashine ya ultrasoniki (hata ile ya mafundi simu ya kilohezi 40) kwa saa mbili, ukibadilisha barafu ndani ya beseni ili joto lisipite nyuzi 30. Ukipata ya kijiti, ile inayotumbukizwa moja kwa moja, dakika 20 za kuwasha sekunde mbili na kuzima mbili zinatosha. Ukizidisha sana unazikata nanotyubu kuwa fupi na umeme unapungua. Kisha ongeza gramu 10 za nusu MOJA ya silikoni. Ukiweka A na B pamoja hapa, itagandia kwenye chombo kabla hujaondoa pombe.

Koroga kwa joto la nyuzi 60 mpaka isopropanoli yote iondoke. Usikisie kwa macho, tumia mizani. Uzito wa chombo kitupu, jumlisha 10.8, ndiyo shabaha yako. Na vipimo viwili vilivyopishana nusu saa visitofautiane zaidi ya gramu 0.1. Pombe ikibaki, utapata viputo na mpira unaonata. Jiko liwe la umeme, dirisha wazi, bila mkaa, gesi wala mshumaa humo ndani: mvuke wa isopropanoli hushika moto hata kwenye nyuzi 12, yaani hata asubuhi ya baridi. Acha ipoe kabisa, ongeza gramu 10 za nusu ya pili, koroga dakika tatu, nyonya hewa, mwaga.

Umwage juu ya karatasi ngumu ya plastiki, usimwage kwenye kioo, maana silikoni hushikamana na kioo. Unene punguza uwe mm 0.5. Kabla ya kumwaga, chukua tone uliweke kati ya vioo viwili vya hadubini ya shule, ukuzaji mara 100. Rangi ya kijivu iliyosambaa ni nzuri. Ukiona vidonge vyeusi vingi vya mikrometa 20 au zaidi, rudisha.

Nimepandisha kaboni kutoka karibu asilimia 3 hadi 4 kwa makusudi. Ukikaa karibu na kile kiwango cha chini ambacho umeme ndiyo unaanza kupita, kihisi kinakuwa chepesi sana kuhisi mvuto lakini namba zinarukaruka. Ukipanda kidogo unapoteza wepesi, unapata utulivu. Kwa goti, ambalo ngozi yake huvutika kwa makumi ya asilimia, wepesi si shida. Ukifika 6 mchanganyiko unakuwa kama ugali, hewa haitoki na mpira unakuwa mgumu.

Fundi_Iyunga

Asanteni sana. Hesabu ya 25 kΩ imenifungua macho. Maswali mawili zaidi. Silikoni ya platinamu ni ghali na huagizwa mbali. Ile ya kubandikia vioo ya dukani haifai? Na unga mweusi wa ndani ya betri za tochi, au masizi ya kibatari, hauwezi kuchukua nafasi ya nanotyubu kwa majaribio?

Maabara_Kihesa

Unga wa betri, hapana kabisa. Ule mweusi kwa sehemu kubwa ni dioksidi ya manganizi iliyochanganywa na chumvi za zinki au amonia. Inaleta unyevu, inakula shaba, na namba zitatembea hata ukanda ukiwa umelala. Kijiti cha katikati ndicho grafiti, lakini chembe za grafiti ni bapa na kubwa, zinateleza moja juu ya nyingine. Unahitaji nyingi mno, na mpira unakatika. Hilo linahusu pia grafiti ya Mahenge, ambayo ni nzuri kwa kazi nyingine. Masizi ya kibatari yana mafuta ndani yake na hupitisha umeme vibaya.

Mbadala wa kweli ni kaboni nyeusi ya kupitisha umeme, ile inayotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Ni rahisi kuitawanya kuliko nanotyubu. Unaweka nyingi zaidi, asilimia 8 hadi 12, kwa sababu chembe zake ni duara na si ndefu, kwa hiyo njia za umeme zinahitaji chembe nyingi ili zikamilike.

Silikoni ya vioo yenye harufu ya siki huganda kwa unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani, mm 2 au 3 kwa siku. Kiangazi cha Iringa hewa ni kavu, itachukua muda zaidi. Asidi inayotoka humo hula shaba, kwa hiyo hapo uzi wa stenlesi si hiari. Ipo isiyo na harufu ya siki, hiyo ni salama zaidi kwa chuma. Kwa kujifunzia ncha na saketi inatosha. Kwa soksi yenyewe sishauri: ni ngumu zaidi, na kurudi kwake baada ya kuvutwa ni kwa uvivu.

Na ukitumia ya platinamu, vua glavu za mpira wa kawaida, zile za hospitali zenye salfa. Vaa za nitrili. Salfa kidogo tu inaua platinamu, na utabaki na uji usioganda wiki nzima huku ukidhani umekosea vipimo.

Dada_wa_Maabara

Kabla hajapima gramu nyingine hata moja, tuzungumze kuhusu pumzi, maana naona wote mmelipita hili.

Nanotyubu kavu ni nyepesi kuliko vumbi la unga wa sembe. Huoni zikiruka. Ni ndefu na nyembamba, na umbo hilo ndilo linalofanya zifananishwe na asbesto. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka aina mojawapo ya kuta nyingi, MWCNT-7, kwenye kundi 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza mwaka 2013 kikomo cha mikrogramu 1 tu kwa mita moja ya ujazo wa hewa, kwa siku nzima ya kazi.

Kaka Fundi, fanya hivi. Zima feni, funga mlango. Kopo lifunguliwe ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoona ndani, mikono ikiwa humo. Weka isopropanoli kwenye chombo kwanza, kisha unga uingie kwenye kimiminika. Usimimine kimiminika juu ya unga. Barakoa iwe ya kiwango cha FFP3 au P100, si ya kitambaa. Ukimaliza futa meza kwa kitambaa kilicholowa, usifagie wala kupuliza. Kitambaa na glavu viingie kwenye mfuko uliofungwa, visichomwe kwenye jalala la nyumbani. Zikishaingia kwenye silikoni iliyoganda hatari inapungua sana, lakini usiupige ukanda msasa. Na ukanda unaogusa ngozi ya mgonjwa ufunikwe pande zote kwa silikoni tupu, mm 0.3 inatosha.

Omu_kwa_Omu

Dada yuko sahihi kwa kila neno.

Sasa lile la namba kupanda wakati wa kurudisha. Ukanda ukirudishwa haraka, mpira unachelewa na kujikunja kidogo. Njia za umeme zilizozoea hali ya kuvutwa zinavunjika kwanza ndipo za zamani zinaunganika. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, ushone ukanda ukiwa tayari umevutwa asilimia 10 hadi 15 goti likiwa limenyooka, ili usifike kulegea hata mara moja. Kwa mm 40 ni mm 4 hadi 6. Hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya kile kilele cha pili.

Ya pili ni kuuzoesha. Mpira mpya wenye kaboni una viungo dhaifu ambavyo lazima vikatike mara ya kwanza, na ndiyo sababu kubwa ya 61 kutorudi. Uvute mara 300 kabla ya kuanza kupima, kwa umbali unaozidi kidogo ule wa kazi. Mota ya waipa ya gari kutoka kwa wauza spea wa Mwanjelwa inafaa sana: kwenye spidi ndogo huzunguka mara 40 hadi 45 hivi kwa dakika, ukiweka mkono wa mm 12 unapata mvuto wa mm 24, yaani asilimia 60 ya mm 40. Dakika saba umemaliza. Kisha uache upumzike saa moja. Mvuto wa kazi ubaki chini ya asilimia 50.

Kitakachobaki baada ya hapo ni tabia ya mpira wenyewe: ukiuvuta na kuushikilia, ukinzani hushuka polepole kwa dakika kadhaa. Hiyo haiondoki. Kwa hiyo kihisi hiki kiamini kwa kuhesabu mikunjo, kasi na mpangilio. Usikiamini kusema goti limekaa nyuzi 87 kwa nusu saa.

Saketi. Tuseme ukanda mpya unatoka 40 hadi 80 kΩ. Rezista yako ya 10 kΩ itakupa mabadiliko ya volti 0.44 tu, yaani hatua kama 91 kati ya 1,024 za Arduino. Chukua kipeuo cha pili cha 40 mara 80, utapata 57. Weka 56 kΩ na unapata volti 0.86, hatua 176, bila kununua kitu kingine. Ongeza kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini ya kusomea kwenda grandi, kwa kuwa pini hiyo hupenda chanzo cha chini ya 10 kΩ. HX711, ile bodi ya kukuza ishara ya mizani, usihangaike nayo. Imetengenezwa kwa vihisi vya karatasi ya chuma ambavyo mabadiliko yake ni madogo mno.

Parachichi_Tukuyu

Samahani kwa kuingilia. Ukanda kama huu unaweza kuzungushwa kwenye tunda la parachichi, au shina, kupima linavyokua siku hadi siku?

Omu_kwa_Omu

Ndugu, kwa tunda sikushauri. Tunda hukua kwa wiki nyingi, na kwa muda huo mpira wenyewe utakuwa umelegea na kubadilisha namba kuliko tunda lilivyokua. Joto la mchana na baridi ya usiku ya huko Rungwe vitaongeza yake. Shina ndiyo kabisa: kunywea na kujaa kwake kwa siku ni mikrometa makumi hadi mia chache. Tumia potensiometa ya kusukuma, ile ya mstari ulionyooka, kwenye fremu ya chuma iliyofungwa imara. Haivutiki, kwa hiyo haichoki kwa namna hii.

Fundi_Iyunga

Nimeelewa. Baridi imetajwa: asubuhi kihisi kinasoma tofauti na mchana hata bila kuguswa. Na silikoni iliyomwagwa jioni hadi asubuhi bado inanata.

Maabara_Kihesa

Kunata ni baridi tu, kama glavu zako ni za nitrili. Ile saa nne iliyoandikwa kwenye chupa ni kwa nyuzi 23. Kila nyuzi 10 zikipungua muda unakaribia kuwa mara mbili, na usiku wa Juni au Julai Mbeya chumba kisicho na moto kinashuka chini sana ya hapo. Weka kibao kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Inakaa kwenye nyuzi 37 na nusu, na ndani ya saa mbili mpira umeganda. Hakikisha tu iko sawa kwa pima maji, la sivyo ukanda utakuwa mnene upande mmoja.

Kwa namba za asubuhi na mchana, kata kipande cha pili kutoka bechi hiyohiyo, chenye ncha zilezile, ukizoeshe kwa mota vilevile, kisha kishone kwenye soksi mahali pasipovutika, pembeni ya paja. Ondoa rezista ya 56 kΩ, weka hicho mahali pake. Joto likibadilika vinabadilika vyote viwili kwa kiasi kinachokaribiana, na volti ya katikati inabaki karibu palepale. Utapoteza hatua chache za usomaji kwa sababu kitakuwa 40 kΩ badala ya 56, lakini hutahitaji kusawazisha upya kila asubuhi. Jasho nalo hulizuii kwa hesabu, hulizuia kwa ile silikoni ya mm 0.3 aliyoitaja Dada. Hakikisha imefunika mpaka pale uzi wa stenlesi unapotokea nje.